Msingi wa mtambo mdogo wa upepo kwenye udongo mweusi wa Kano

Nimetoka kumsaidia kijana mmoja wa Nyando, Kisumu, kusimika mtambo wa upepo wenye mnara wa kulaza kwa bawaba. Naandika kwa mafundi wenzangu wanaojenga karibu na ziwa.

1. Shimo. Epuka pale maji yalipofika ziwa lilipofurika mwaka 2020. Udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka ukikauka, kwa hiyo chimba mpaka uupite. Upana ufuate mchoro wa mtambo, usipunguze hata kidogo: uzito wa zege ndio unaozuia mnara usipinduke. Kule Vindeby, Denmark, mwaka 1991 mitambo 11 ilisimamishwa baharini kwa njia hiyo, juu ya misingi ya zege iliyotulia kwa uzito wake.

2. Shindilia maramu, mwaga zege la kusawazisha, funga vyuma.

3. Bolti. Hapa ndipo kazi huharibika. Tundu za bamba la mnara, yaani chuma bapa cha kitako chake kinachokaa juu ya bolti hizi, huzidi bolti kwa milimita chache tu, na zege likishashika bolti haisogei tena. Usipime kwa tepu ukatoboa ubao wa kushikia bolti. Ubao hulowa ukapinda. Laza bamba lenyewe juu ya kipande cha chuma, utoboe ukifuata tundu zake. Toboa vipande viwili: kimoja kishike bolti juu, kingine chini, la sivyo juu patakaa sawa na chini zitawanyike. Tia alama upande wa bawaba, maana huko ndiko mnara utakakolazwa. Pasiwe na nyumba wala mti. Kipande cha juu kishikwe na nguzo zilizo nje ya shimo, kisifungwe kwenye vyuma, kwa sababu vyuma husogea watu wakivikanyaga. Pima pembe kwa pembe, weka pimamaji pande zote mbili, na urudie zege likiwa bado bichi. Paka grisi sehemu ya nati, uifunge plastiki. Hata wanaopigilia nguzo za chuma baharini hubanwa na unyoofu: kwa kawaida mwinamo wa kusimika hauruhusiwi kuzidi nyuzi 0.25.

4. Bomba la kebo na waya wa ardhi viwekwe kabla ya zege. Radi za huku ni kali.

5. Zege: simiti 1, mchanga 1½, kokoto 3. Tumia poka ya mashine (ile ya kutikisa zege lishikamane), si fimbo.

6. Mwagilia siku 7. Mnara usimame baada ya siku 28.