Kabla ya kuanza kufunga donda ndugu la mguu: mambo ya kuzingatia

Kidonda cha mguu kilichopita wiki sita bila kupona, yaani donda ndugu, kina kitu kinachokizuia, na kitu hicho lazima kijulikane kabla ya kununua chochote cha kupaka. Wengi huanzia dukani: chachi, mafuta, unga wa kapsuli. Pesa zinaisha na kidonda kiko palepale.

Ngozi ikikatika, damu huganda ndani ya dakika chache. Kwa siku nne hadi sita hivi zinazofuata, seli nyeupe huingia kula vijidudu na nyama iliyokufa, ndiyo maana pembeni huvimba na kupata joto. Kisha nyama mpya nyekundu hujaza shimo, na ngozi hutambaa juu yake kutoka ukingoni. Kolajeni, nyuzi za protini zinazoipa ngozi nguvu, huendelea kupangwa upya hata mwaka mzima, na bado kovu haliwi imara kupita asilimia 80 hivi ya ngozi ya awali. Donda ndugu limekwama pale kwenye seli nyeupe. Haziondoki, na vimeng'enya vyake vya kula uchafu vinakula pia kolajeni changa pamoja na protini zinazoamuru seli zikue. Juu ya hapo bakteria hujijengea utando wa ute ambao dawa haipenyi vizuri. Unga wa kapsuli ukimwagwa hapo unaganda kuwa gamba, usaha unabaki chini yake.

Jambo la kwanza kupima ni damu inayofika mguuni. Tafuta mapigo sehemu mbili: juu ya wayo, kando tu ya kano ya kidole gumba, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Tumia ncha za vidole viwili au vitatu vya mkono, usitumie gumba, maana lina mapigo yake na litakudanganya. Mapigo yakikosekana, wayo ukiwa wa baridi, au maumivu ya usiku yakipungua mgonjwa akining'iniza mguu, aende kupimwa presha ya kifundo ikilinganishwa na ya mkono. Uwiano (presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono) wa 0.9 hadi 1.3 ni wa kawaida. Chini ya 0.5 ni kazi ya daktari wa upasuaji wa mishipa, na haraka. Kwa mwenye kisukari, uwiano uliozidi 1.3 usimfurahishe mtu: mara nyingi ateri, mshipa unaopeleka damu mguuni, imekakamaa, haibanwi na mashine.

Tunasisitiza kipimo hiki kwa sababu moja. Kidonda kipana, kisicho na kina, kinachotoa maji mengi juu ya kifundo upande wa ndani, na ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi na ngumu, kwa kawaida kinatokana na vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni, zinazoiachia damu irudi chini. Tiba yake ni bendeji ya kubana, kwa presha ya karibu milimita 40 za zebaki kifundoni na ikilegea kuelekea gotini. Bendeji hiyohiyo kwenye mguu usiopata damu ya ateri inaua vidole. Uwiano ukiwa chini ya 0.8, usibane kwa nguvu hiyo.

Kidonda cha chini ya wayo kina kisa kingine, ganzi. Mgonjwa afumbe macho, umguse ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano kwa kila mguu, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, ganzi ipo. Mtu wa aina hii anakanyaga kidonda siku nzima bila kuumia, na kila hatua inaponda nyama iliyoota usiku. Kwa hiyo kabla ya kufunga, amueni atatembeaje. Kinachofaa zaidi ni plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, au buti inayofika gotini, isiyovuliwa ovyo, ikiwa damu inafika na hakuna maambukizi makali. Isipopatikana, magongo na viatu vyenye nafasi. “Nitatembea kidogo tu, mpaka msalani” ni kauli iliyo nyuma ya vidonda vingi visivyopona. Ndoo au sufuria ya haja karibu na kitanda inasaidia kuliko mafuta ya bei.

Sukari ipimwe na itibiwe. Chanjo ya pepopunda ikaguliwe. Protini ihesabiwe: gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 75 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60. Yai moja lina kama gramu 6, hivyo uji na chai havitoshi. Dagaa na maharage viwepo kila siku. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Maji ya kuoshea: lita moja iliyochemshwa, chumvi gramu 9, kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha kusawazisha. Funika ipoe, yanayobaki kesho yamwagwe. Spiriti na haidrojeni peroksaidi ziachwe, zinaua seli changa. Wala usianike kidonda juani. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kuwa jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi karibu mara mbili ya kasi. Isipokuwa kidole kilichokufa, cheusi na kikavu: hicho kiachwe kikavu mpaka daktari akione.

Siku ya kwanza pima urefu na upana kwa rula, zidisha, andika. Sentimita 4 kwa 3 ni 12. Kwa mguu wa kisukari, baada ya wiki nne iwe 6 au pungufu. Isipofika, mpango mzima uangaliwe upya. Kidonda cha miaka mingi, hasa juu ya kovu la moto, chenye ukingo ulionyanyuka, kikatwe kipande ukingoni kupimwa saratani.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa maambukizi hauonekani vizuri. Linganisha miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono: joto, uvimbe, mng'ao, rangi ya zambarau. Homa, harufu mpya, au kijiti cha daktari kugonga mfupa ndani ya kidonda, vyote ni vya hospitali siku hiyohiyo.