Trekta la Shambani Katika Mashindano ya Kuvuta: Kanuni Hubadilika Kaunti kwa Kaunti

Waafrika Mashariki wanaofanya kazi au mafunzo ya kilimo katika majimbo ya kati ya Marekani hawamalizi msimu wa kiangazi bila kusikia habari za mashindano ya kuvuta kwa trekta. Maonesho mengi ya kaunti huwa na jioni yake ya kuvuta, na si ajabu mwenye shamba au jirani yake kumwambia kijana anayelimudu trekta vizuri kwamba naye aingie uwanjani. Mwaliko huo ni wa heshima na unafaa kupokewa. Hata hivyo, anayekubali kwa kutegemea kanuni alizoziona katika kaunti moja anaweza kwenda ya pili, mwendo wa saa moja tu barabarani, akaambiwa kwamba trekta lilelile halina daraja la kushindania.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuufahamu. Trekta hufungwa kwa mnyororo kwenye sledi, yaani chombo kizito ambacho sehemu yake ya mbele hukokotwa ardhini na ya nyuma hubebwa na magurudumu. Kadiri trekta linavyosonga, sanduku la uzito lililo juu ya sledi husogezwa kutoka nyuma kuja mbele, mzigo unazidi kukandamiza udongo, na hatimaye trekta hukwama. Anayefika mbali zaidi ndiye mshindi. Njia kamili Marekani kwa kawaida ni futi 300, yaani mita 91 na kidogo. Mashindano ya namna hii yalifanyika Missouri na Ohio tangu 1929, na wakati huo uzito uliongezwa na watu waliosimama kando ya njia, wakipanda sledi mmoja baada ya mwingine ilipowapitia.

Mwaka 1969 wawakilishi wa majimbo manane waliunda chama cha taifa, National Tractor Pullers Association, kwa sababu kila jimbo lilikuwa na kanuni zake na mshindani aliyevuka mpaka alijikuta mgeni. Chama hicho kilifanikiwa kuleta ulinganifu katika madaraja ya juu, yale ya matrekta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano tu. Daraja la trekta la kawaida la shambani, ambalo kwenye mabango huandikwa Farm Stock, kwa sehemu kubwa limebaki mikononi mwa kamati za maonesho, vilabu vya vijijini na vyama vya majimbo kama vile Ohio State Tractor Pullers Association au Illinois Tractor Pulling Association. Kwa maoni yangu hilo si kasoro. Kamati ya kaunti hutunga kanuni zake ikiyatazama matrekta yaliyopo kwa wakulima wake, udongo wa uwanja wake na masharti ya kampuni inayoiwekea bima, na kanuni zinazoyafaa mashamba makubwa ya mahindi zinaweza kumfungia nje mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mwenye trekta dogo. Lakini mgeni ndiye anayeumia zaidi na utaratibu huo, kwa kuwa wenyeji wanazijua kanuni hizo tangu utotoni na hawaoni haja ya kuzieleza.

Swali la kwanza, na ndilo gumu kuliko yote, ni nini hasa maana ya trekta la kawaida. Klabu moja itasema ni trekta lolote linalofanya kazi shambani, bila kujali limebadilishwa nini ndani ya injini. Nyingine itasema ni trekta lililo kama lilivyotoka kiwandani, lenye pampu ya dizeli, nozeli na tabochaja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili iongeze nguvu) za namba zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu cha vipuri. Chukua mfano wa John Deere 4020, trekta lililoundwa kati ya 1963 na 1972 na ambalo bado linaonekana kwa wingi katika viwanja hivi. Kiwandani lilitoka bila tabochaja, lakini wakulima wengi walinunua tabochaja za kuongezea kutoka kwa kampuni nyingine na kuzifunga wenyewe. Trekta la namna hiyo huenda limelima hivyo kwa miaka 50, na mwenyewe analiona la kawaida kabisa. Mahali ambapo kanuni inataka hali ya kiwandani, trekta hilo litaondolewa au kupandishwa daraja likakutane na mashine zenye nguvu maradufu. Mahali ambapo kanuni inaruhusu tabochaja moja ya aina yoyote, litapokelewa bila neno. International 1066, lililouzwa kuanzia 1971, lilitoka kiwandani likiwa na tabochaja, hivyo halina tatizo hilo, ila mkaguzi anaweza kutaka kujua kama iliyofungwa ni ile ya asili au ni kubwa kuliko ile.

Baadhi ya vilabu vimeona kwamba kufungua injini za watu ni kazi isiyo na mwisho, kwa hiyo vimeamua kupima matokeo badala ya vipuri. Huweka kikomo cha mizunguko ya injini kwa dakika, mathalani 2,500 au 2,600, au huweka kikomo cha mwendo, na anayekipita huoneshwa bendera nyekundu na umbali wake kuhesabiwa hadi pale alipokosea au kufutwa kabisa. Tofauti hii hubadilisha hata namna ya kuendesha. Pasipo kikomo cha mwendo, dereva huchagua gia ya juu ili afike mbali kabla sanduku la uzito halijakaribia mbele. Penye kikomo cha maili tatu au nne kwa saa, kama ilivyo katika madaraja mengi ya matrekta ya zamani, mbio hazisaidii tena na ushindi hutokana na mgawanyo wa uzito, hali ya matairi na utulivu wa mguu. Dereva aliyezoea mfumo mmoja akiingia katika mwingine bila kuuliza, anaweza kuendesha vizuri sana na bado akafutwa.

Kuhusu matrekta ya zamani, jihadhari na mwaka wa kikomo. Wengi wetu tulikua tukiliona Massey Ferguson 135 likilima Uasin Gishu au Arusha, na mtu akiliona uwanjani Marekani au Uingereza hudhani moja kwa moja kwamba ni la kale. Trekta hilo lilianza kuuzwa 1964, na klabu inayokata miaka kwenye 1959 au 1960 haitalipokea katika daraja la kale. Litapelekwa katika daraja la miaka ya baadaye, ikiwa daraja hilo lipo. Farmall M, lililoundwa kuanzia 1939 hadi 1952, huingia bila ubishi.

Uzito hupimwa dereva akiwa kitini, mafuta yakiwa tangini na vyuma vyote vya uzito vikiwa vimefungwa. Madaraja hutajwa kwa paundi: 10,000 ni kilo 4,536, 12,000 ni kilo 5,443, na kuendelea, lakini ngazi zenyewe hazifanani kutoka uwanja hadi uwanja. Trekta lenye paundi 11,200 litakuwa limekaa vizuri mahali penye daraja la 11,500, na litakuwa na hasara mahali ambapo daraja linalofuata ni 13,000, kwa sababu itabidi liongezewe vyuma vingi au likubali kuvuta likiwa jepesi kuliko wenzake. Uliza pia kama trekta moja linaruhusiwa kuingia madaraja mawili kwa kuongezewa uzito, maana kuna kamati zinazokataza ili mtu mmoja asichukue zawadi zote. Jambo ambalo wageni hulisahau ni maji yaliyotiwa ndani ya matairi ya nyuma kwa ajili ya kazi za shambani. Uzito huo haupunguzwi kwa dakika chache pale kwenye mizani, na unaweza kulivusha trekta daraja kabla hujafunga hata chuma kimoja mbele. Vyuma vya mbele navyo vina mpaka wa kutokeza, na chuma kikianguka njiani wakati wa kuvuta, mara nyingi mvuto huo hufutwa.

Nafika sasa kwenye drobaa, yaani chuma cha nyuma kinachoshika mnyororo, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Kimo chake kutoka ardhini ndicho kinachoamua mengi. Mnyororo unapovuta, nguvu yake hukandamiza magurudumu ya nyuma na kuinua ya mbele. Drobaa ikiwa juu zaidi, magurudumu ya nyuma hushika zaidi, lakini trekta pia hukaribia zaidi kunyanyuka na kumpindukia dereva. Ndiyo sababu kila kamati huweka kikomo, na ndiyo sababu washindani hugombania hata nusu inchi. Kikomo kinachoonekana mara nyingi katika daraja la shambani ni inchi 20, sawa na sentimita 51 hivi, lakini viko viwanja vinavyotaka 18. Urefu kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi mahali pa kufunga mnyororo nao hupimwa, na inchi 18 ndiyo kima cha chini kinachotajwa sana. Drobaa isiwe na nafasi ya kucheza juu wala chini wala kando. Kumbuka kwamba upepo wa tairi hubadilisha kimo: tairi likijazwa baada ya kupimwa, drobaa hupanda, na wakaguzi wenye uzoefu hupima tena trekta linapotoka njiani. Anayezunguka katika kaunti kadhaa afunge drobaa inayoweza kurekebishwa kwa boliti, na apime mwenyewe kwenye sakafu ya saruji kabla ya kuondoka nyumbani.

Matairi hayana mengi ya kueleza. Sehemu kubwa ya madaraja ya shambani hukataza tairi lililochongwa meno, na baadhi huweka kikomo cha ukubwa, kwa mfano 18.4-38. Magurudumu mawili kila upande kwa kawaida hayaruhusiwi, na matrekta yanayovuta kwa magurudumu yote manne huwekwa daraja lao au hutakiwa kuzima ekseli ya mbele.

Masharti ya usalama ndiyo yanayotofautiana kwa namna inayonitia wasiwasi. Madaraja ya juu hudai swichi ya nyuma inayozima injini mnyororo ukikatika, vyuma vya kuzuia trekta lisisimame kwa magurudumu ya nyuma, helmeti na kizima moto. Katika daraja la shambani kaunti moja hudai yote, nyingine hudai kizima moto tu, na nyingine haidai chochote. Usikubali kanuni legevu iwe kipimo chako. Kama trekta lina fremu ya kumkinga dereva, funga mkanda. Kama halina fremu, usifunge mkanda, kwa sababu trekta likipinduka mkanda utakushikilia chini yake.

Anayeishi Ulaya atakutana na sura nyingine. Huko njia kamili ni mita 100, uzito hutajwa kwa kilo au tani, na madaraja ya juu husimamiwa kwa kanuni za pamoja za kamati ya Ulaya, ndiyo maana mashine za Made nchini Uholanzi, Füchtorf nchini Ujerumani na Great Eccleston nchini Uingereza zinafanana. Trekta la kawaida la mkulima, hata hivyo, limeachiwa vyama vya nchi na waandaaji wa kijiji, kama ilivyo Marekani, na katika mashindano mengi ya vijijini Ujerumani daraja huamuliwa kwa uzito wa trekta lenyewe. Hati za kanuni huandikwa kwa lugha ya nchi, kwa hiyo mtafute mwenyeji akusomee kipengele kwa kipengele.

Kabla ya kupakia trekta kwenye trela, mpigie simu msimamizi wa mashindano hayo, si rafiki aliyeshiriki mwaka uliopita, na uombe kanuni za mwaka huu kwa maandishi. Mtajie aina ya trekta, mwaka, tabochaja, ukubwa wa matairi na kimo cha drobaa, kisha umwombe akutajie daraja. Uliza kama leseni ya udereva inahitajika na kama ya nchini kwako inakubalika. Ikiwa trekta ni la mwajiri, pata ruhusa yake kwa maandishi na mwombe awasiliane na kampuni ya bima, kwa sababu mikataba mingi ya bima ya shamba haifidii ajali inayotokea mashindanoni, na karatasi utakayotia saini getini humlinda mwandaaji wala haikulindi wewe.

Wenye viza wana hatua moja zaidi. Aliyeingia Marekani kwa viza ya H-2A, yaani ya wafanyakazi wa kilimo wa muda, ameruhusiwa kumfanyia kazi mwajiri aliyemwombea, na aliye katika mafunzo kwa viza ya J-1 yuko chini ya shirika linalomdhamini. Kila mmoja amuulize mwajiri au shirika lake kama inaruhusiwa, kabla ya kupokea fedha za zawadi. Zawadi ya fedha ni kipato kinachotozwa kodi, na kwa mtu ambaye sheria ya kodi humhesabu kuwa si mkaazi kiwango cha kawaida ni asilimia 30, ambacho hakipunguzwi kwa raia wa Kenya, Tanzania wala Uganda, kwa kuwa nchi hizo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani.

Siku yenyewe, hudhuria kikao cha madereva kabla ya kuanza, maana hapo ndipo hutangazwa mabadiliko ya dakika za mwisho: kama anayevuta wa kwanza anaweza kuurudia mvuto wake sledi ikirekebishwa, na ni ndani ya futi ngapi dereva aliyesimama anaruhusiwa kuanza upya. Uliza pia utaratibu wa malalamiko. Viwanja vingi hutaka pingamizi liandikwe na kuambatanishwa na fedha za dhamana, tena kabla ya daraja kufungwa. Ukisubiri hadi matrekta yapakiwe, hata mkaguzi anayekubaliana nawe hatakuwa na kitu cha kupima.