Vitabu vya likizo: changanya ladha

Jamani mnaojiandaa na likizo, msibebe riwaya tatu za upelelezi mkadhani mmemaliza. Mi nilishafanya hivyo, kufika siku ya tatu wapelelezi wote wamechanganyikana kichwani, hamu ya kusoma ikakata kabisa.

Siku hizi nachukua riwaya moja nene ya kuzama nayo zile saa ndefu za kupumzika, halafu mkusanyiko wa hadithi fupi, na huu kwa kweli ndo mkombozi wa safari, maana hadithi moja unaimaliza palepale unaposubiri gari na ukikatishwa hupotezi uzi. Kijitabu cha mashairi nacho hakina uzito, usiku umechoka unasoma shairi moja tu unalala nalo.

Cha mwisho kiwe cha kitu usichokijua kabisa, nyota, historia, maisha ya mtu, chochote. Ila kabla hujakipakia soma kurasa 5 za katikati, sio za mwanzo, mwanzoni kila mwandishi anajitahidi. Zikikuchosha kiache nyumbani.

Wa kusomea kwenye simu, pakua mapema kisha zima data ujaribu kukifungua.