Begi la Mandara, kwenda na kurudi

Miaka saba nilibeba mizigo ya watu Kilimanjaro. Sisi wapagazi tunaitana wagumu, na mgumu begi analijua kabla halijafunguliwa: likigongagonga mgongoni, mna takataka humo. Siku hizi niko nyumbani Marangu, na jamaa wa mjini hawaishi kunipigia: "Kaka, Jumamosi tunapanda Mandara na kushuka siku hiyohiyo. Jua linawaka, tubebe nini?" Mandara ni kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu.

Nguo kwanza, maana ndiko watu wanakoumia. Moshi mjini ni mita 800 na ushei, Mandara ni 2,720. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kama nyuzi 6, kwa hiyo utaondoka stendi na jasho ukafike juu meno yanagongana. Na mlima ukiuona mweupe alfajiri usiushangilie sana. Jua likishapanda, hewa yenye unyevu inapanda nayo, mchana msitu wote uko ndani ya wingu, hata Februari.

Basi chukua fulana mbili. Ya kupandia iwe jezi ya mpira, ile ya mtumba pale soko la Memorial, Moshi, inatosha kabisa. Pamba ikilowa jasho haikauki. Ya pili, pamoja na sweta, zifunge ndani ya kipande cha nailoni ya kutandika mezani. (Rambo, ile mifuko ya plastiki, usilete, zilipigwa marufuku tangu Juni 2019.) Sweta usilivae njiani hata ukisikia kaubaridi, utalilowesha kwa jasho. Ukifika, kabla hujakaa, kabla hujapiga picha, vua jezi, vaa kavu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nililifunga sweta nje ya mzigo, ukungu ukalilowesha lote, nikashinda jikoni nimejifunika gunia wenzangu wakinicheka. Juu ya yote, koti jepesi la mvua. Jinzi iache nyumbani.

Viatu: raba zenye meno, ulizokwisha kuzizoea. Kucha za miguu zikate siku mbili kabla. Kwenye kushuka vidole vinasukumwa mbele ya kiatu, na ukucha mrefu utakuwa mweusi miezi kadhaa.

Maji lita mbili, kwenye chupa ngumu ya kujaza tena. Chakula usihangaike: viazi vya kuchemsha, mayai mawili, ndizi mbivu, karanga, na chumvi kidogo uliyoisokota kwenye karatasi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ni ya kushukia. Maganda rudi nayo, na kima akikusogelea usimpe kitu. Ukimzoesha, kesho atampora mwingine.

Kofia, plasta, tishu. Tochi pia, najua utacheka, lakini chini ya miti ile giza linawahi, na simu iliyopiga picha tangu asubuhi haina chaji ya kukumulikia njia. Kitambulisho kiwe mfukoni, kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni. Na mwongozaji mpange mapema, msimtafute mkiwa getini.

Spika ya muziki? Hapana, jamani. Mbega watawakimbia, na ndio mlioenda kuwaona.

Usiku wa Ijumaa, begi likishajaa, livae, ruka mara tatu pale sebuleni. Likigonga, fungua utoe.