Kutuma mauzo mtandao ukirudi: kazi ya chinichini kwenye Android

Tuchukue programu ya kurekodi mauzo dukani. Muuzaji anabonyeza "Hifadhi", anatia simu mfukoni, na mtandao haupo. Rekodi lazima ifike kwenye seva hata kama hataifungua tena programu leo. Usitengeneze huduma ya kukesha ikisubiri mtandao. Tangu Android 8 mfumo huizima muda mfupi baada ya mtumiaji kutoka. Tumia WorkManager, maktaba ya Android ya kupanga kazi za chinichini.

Hatua ya 1. Hifadhi rekodi kwenye simu kwanza, na uipe UUID (kitambulisho cha kipekee) hapo hapo.

Hatua ya 2. Andika kazi yenyewe:

```kotlin
override suspend fun doWork(): Result = try {
    for (r in hifadhi.ambazoHazijatumwa()) {
        seva.tuma(r)
        hifadhi.wekaAlama(r.uuid)
    }
    Result.success()
} catch (e: IOException) {
    Result.retry()
}
```

Tazama mistari miwili iliyo ndani ya kitanzi. Simu ikizimika seva ikiwa imeshapokea lakini alama haijawekwa, rekodi ileile itatumwa tena. Hilo huwezi kulizuia, kwa hiyo lifanye lisiwe na madhara: kwenye seva, UUID iwe ufunguo wa kipekee, na ikija mara ya pili seva ijibu kwamba imepokea bila kuongeza kitu. Ukiliruka hili, kilo mbili za sukari zitasomeka nne kwenye ripoti, na atakayefokewa ni muuzaji, si wewe.

Hatua ya 3. Weka sharti la `NetworkType.CONNECTED`, ili kazi isianze mpaka mtandao uwepo. Kazi ikishindwa na kurudisha `Result.retry()`, mfumo husubiri sekunde 30, kisha huongeza muda maradufu kila inaposhindwa tena.

Hatua ya 4. Ipange kwa `enqueueUniqueWork` ukitumia `APPEND_OR_REPLACE`, ili ombi jipya lipangwe nyuma ya kazi iliyopo. Wengi huchagua `KEEP`, inayobakiza kazi iliyopo tu, ila ina mtego: rekodi ikiingia wakati kazi inaendelea na orodha imeshasomwa, ombi jipya hutupwa na rekodi hiyo hubaki bila kutumwa. Unaweza kuongeza kazi ya kujirudia kama akiba; ukiomba chini ya dakika 15, utapewa 15.

Hatua ya 5. Jaribu simu ikiwa imelala. Ukiwa umeiunganisha na kompyuta, ilazimishe kwa `adb shell dumpsys deviceidle force-idle`, rekodi mauzo, kisha iamshe kwa `unforce` na uhesabu zilizofika kwenye seva. Zima data katikati ya kutuma pia.

Kwenye kompyuta ya Linux, msimbo wa hatua ya 2 haubadiliki sana. Mpangaji ndiye tofauti: taima ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye `OnCalendar`, inayotaja saa za kazi, na `Persistent=true`, ili zamu iliyopita mashine ikiwa imezimwa ifanyike ikiwashwa.