Dayari ya muda: siku moja ya mtu isikudanganye

Ukimuuliza mtu wiki iliyopita kafanya kazi masaa mangapi atakutajia namba ya kukadiria tu, na wenye masaa mengi hasa ndo huwa wanazidisha. Kwenye dayari unamuomba asimulie jana yake, kaamka saa ngapi, akafanya nini, wapi, na nani, mpaka siku inaisha. Siku ina dakika 1440 basi, akijiongezea za kazini lazima azitoe kwenye usingizi au jikoni.

Kabla hujagusa data angalia kwanza nani aliulizwa. ATUS, yaani utafiti wa Marekani wa matumizi ya muda, unaofanyika tangu 2003, unamhoji kwa simu mtu mmoja tu kwenye kaya, wa miaka 15 kwenda juu, kuhusu masaa 24 kuanzia saa 10 alfajiri ya jana yake. Kwa hiyo kama unataka kujua mume akikaa nyumbani mke anapumzika kiasi gani siku hiyohiyo, hapo utakwama. Uingereza mwaka 2014-15 waliwapa dayari wanakaya wote kuanzia miaka 8, siku mbili kila mtu, moja ya katikati ya wiki na moja ya wikendi, na hiyo ndo inafaa kwa swali la namna hii.

Halafu uzito wa sampuli, yaani namba ya kurekebisha kila dayari ihesabike kadiri inavyostahili, jamani msiuruke. Nusu ya dayari za ATUS ni za Jumamosi na Jumapili wakati wikendi ni siku 2 kati ya 7, yaani kama asilimia 29, sasa ukipiga wastani hivihivi utapata nchi ya watu wanaolala sana na kazini hawaendi.

Balaa lenyewe ni sifuri. Tuseme kila mtu anafua mara moja kwa wiki, masaa mawili. Ukichukua siku moja ya kila mtu utakuta mmoja kati ya saba ana dakika 120 na waliobaki wote wana 0. Wastani ni dakika 17 hivi kwa siku, zidisha kwa 7 unarudi kwenye 120, safi kabisa. Ila ukiandika kwamba watu sita kati ya saba hawafui umeandika uongo, na ukipima pengo kati ya wanaofua sana na wasiofua utapata pengo kubwa ambalo halipo kabisa. Ndo maana mimi naanza na rigresheni ya kawaida ya wastani (hesabu ya kuona wastani unabadilikaje kutoka kundi moja la watu hadi jingine), Tobit, modeli ya data zenye sifuri nyingi, naiacha maana inazichukulia sifuri kama ni tabia ya mtu wakati nyingi ni bahati ya siku iliyoangukiwa.

Kingine, anayepika huku anamchunga mtoto anaandikwa anapika. ATUS wana maswali ya pembeni kuhusu kuangalia watoto wa chini ya miaka 13, yajumlishe, la sivyo malezi yataonekana kidogo mno.

Ukitaka kuzigeuza dakika kuwa pesa chagua mapema: utatumia mshahara wa mtu ambaye ungemwajiri afanye hiyo kazi, au mshahara ambao mwenyewe angeupata akienda kibaruani? Majibu yanaachana mbali, hasa kwa wenye mishahara mikubwa, kwa hiyo mi huwa naweka yote mawili kwenye jedwali.