Uvimbe Ukitolewa, Uliza Kinyama Kimepelekwa Wapi

Dada yangu alitolewa uvimbe kwenye titi la kushoto asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amesharudi nyumbani Ngamiani, hapa Tanga. "Mafuta tu hayo, bi mkubwa," ndivyo alivyoambiwa. Uvimbe wenyewe uliishia kwenye ndoo ya taka. Baada ya mwaka na miezi miwili pakaota kitu kigumu pale pale penye kovu, na kwapani tezi tatu. Wakati huo mimi nilikuwa nesi wa thieta, kazi yangu ya kila siku kutayarisha vinyama vya wagonjwa, yaani vipande vya nyama vilivyotolewa mwilini, viende maabara, na siku ile alipotolewa uvimbe sikumwuliza dada yangu swali moja: kinyama kimepelekwa wapi?

Sasa nimestaafu, nakaa Chumbageni. Akina mama na mabinti hunijia barazani, mwingine ameshika titi, mwingine amemleta mtoto ana nundu shingoni. Ninayowaambia ni haya, na nayaandika kwa ajili ya wale wasioweza kufika.

Ukigusa kitu titini, acha kukibonyezabonyeza, acha kukikanda kwa mafuta ya moto. Chukua daftari uandike tarehe, titi la upande gani, na ukubwa wake. Ukubwa useme kwa kitu unachokijua: kunazi, ndimu, kokwa ya embe. Mahali pake pataje kama uso wa saa ya ukutani, chuchu ikiwa katikati. Hapa pana kosa nimeliona mara nyingi. Madaktari wanataja namba iliyoandikwa kwenye saa. Sisi mshale ukiwa kwenye 10 tunasema saa nne, na ukimwambia daktari "saa nne" ataandika upande mwingine kabisa wa titi. Sema "kwenye namba 10", au weka kidole chako pale.

Kama bado unapata hedhi, jipapase siku chache baada ya kumaliza, titi likiwa limelegea. Kitu kinachoteleza chini ya kidole kama kokwa la kunazi kwa binti wa miaka 20 mara nyingi huwa fibroadenoma, na hiyo si saratani. Kitu kigumu kisichosogea, chenye kingo zisizoeleweka, kinataka haraka zaidi. Angalia na ngozi pia. Ikianza kuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa la Muheza, au chuchu iliyokuwa nje ikazama ndani, au ikatoa maji ya damu, usingoje mwezi mwingine. Na tafadhali, "lakini hakiumi" isiwe sababu ya kukaa nyumbani. Uvimbe wa saratani ya titi mwanzoni mara nyingi hauumi hata kidogo. Hili linawahusu wanaume pia, maana nao wana matiti, ingawa kwao ni nadra.

Vimbe vingi vya titi si saratani. Nalisema mapema kwa sababu hofu imewafungia ndani wanawake wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Yupo binti wa Makorora aliyekaa na uvimbe wake miezi saba bila kumwambia hata mama yake, usiku halali, na mwisho wake jibu likatoka zuri. Miezi saba ya machozi kwa kitu ambacho sindano moja ingekijulisha.

Hapa Tanga mlango mkubwa ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukianzia zahanati au kituo cha afya, omba barua ya rufaa, na iandikwe tarehe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilianzisha mpango wa saratani ya titi, na moja ya shabaha zake ni kwamba tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza mpaka ajue ana nini zisipite siku 60. Mimi huwaambia watu wazihesabu siku hizo wenyewe kwenye daftari. Ukifika siku ya 40 huna jibu, rudi ukaulize, kwa adabu lakini usiondoke.

Uchunguzi una miguu mitatu: mkono wa daktari, picha, na kinyama. Picha kwa mwanamke wa chini ya miaka 40 aghalabu huanza na ultrasaundi, kwa kuwa titi la ujana ni zito na mamografia, ile eksirei ya titi, hailioni vizuri. Umri ukipanda mamografia ndiyo husaidia zaidi. Miguu yote mitatu ikisema neno moja, unaweza kutulia. Mmoja ukisema kingine, mathalani mkono unahisi kitu kibaya na sindano imetoa jibu zuri, kinyama kichukuliwe tena. Usione aibu kuuliza, "Daktari, majibu yote matatu yanakubaliana?"

Kinyama huchukuliwa kwa sindano nyembamba inayovuta chembe (seli), au sindano nene inayotoa kipande chembamba kama uzi, au kwa kisu. Ile nene inaeleza mengi zaidi kuliko nyembamba, kwa hiyo ikiwepo ikubali, ganzi huchomwa kwanza. Watu wa huku wanasema ukiichokoza kansa kwa sindano inaamka. Nimesikia hayo miaka yangu yote ya kazi. Kinachoipa nafasi ya kuenea ni kuchelewa kuijua.

Sasa sikilizeni habari ya chupa, maana hapa ndipo kinyama cha mtu hupotea au kuharibika.

Chupa iwe ya plastiki, ya mdomo mpana, yenye kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha. Nimewahi kuona kinyama kimeshindiliwa kwenye kichupa cha mdomo mwembamba. Kiliingia laini, kikakakamaa humo ndani, kukitoa ikabidi chupa ipasuliwe. Ndani yake pawe na formalini ya asilimia 10, maji yasiyo na rangi ambayo harufu yake hupanda puani mpaka machozi yakutoke. Iwe nyingi, mara 10 ya ukubwa wa kinyama, nacho kielee kwa uhuru. Kikiingia huwa chekundu na laini. Ukikitazama kesho yake kimekuwa kijivu, kimekaza kama ute wa yai lililochemshwa. Ndivyo inavyotakiwa, hakitaoza tena. Kikiwekwa kwenye maji matupu, au kikafungwa kwenye shashi kikakauka, chembe zake huharibika na hakuna bingwa atakayezisoma. Kwa kinyama cha titi muda wa kukaa kwenye formalini unaotakiwa ni saa 6 hadi 72, kwa sababu kipo kipimo kingine mbele nitakachokitaja, na kinyama kikizidisha au kupunguza muda huo jibu lake linaweza kudanganya. Kwa hiyo kinyama cha Ijumaa kisiachwe dirishani mpaka wiki ijayo.

Jina liandikwe kwenye ubavu wa chupa. Kwenye kifuniko halitoshi, vifuniko hubadilishana mezani. Pawe na jina kamili, namba ya faili, kulia au kushoto, tarehe na saa kilipotolewa, na karatasi ya maombi iwe na maneno yale yale. Wewe mgonjwa umelala, huwezi kuyaona hayo. Basi kabla hujaingia thieta mwambie nesi, "Dada, uvimbe wangu utapelekwa maabara? Maabara gani? Naomba ndugu yangu aone chupa." Nesi mzuri hatachukia. Mimi nilikuwa nafurahi.

Pengine ndugu ndiye atakayepewa chupa aipeleke Dar es Salaam au Moshi. Aikaze kifuniko, aisimamishe ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko, aikalishe miguuni pake kwenye basi, mbali na chakula na mbali na watoto, kwa maana ile ni sumu. Asimkabidhi kondakta pale stendi ya Kange kama kifurushi cha samaki. Akifika apewe namba ya maabara, aiandike daftarini, apige picha karatasi kwa simu.

Majibu huchukua siku kadhaa hata mambo yakienda vizuri. Kinyama hukatwa, hukaushwa maji kwa spiriti, hutiwa nta ya moto, kisha nta ikiganda hukatwa utepe wa unene wa maikromita 3 hadi 5, na unywele wa mtu una kama 70. Utepe hutiwa rangi: viini vya chembe vinakuwa zambarau, kwingine waridi. Ndipo mtaalamu wa patholojia anapokaa na hadubini yake kutazama kama chembe zimebaki ndani ya mpaka wake au zimeuvunja zikaingia nyama ya jirani. Kazi hiyo mkono wa juu ya ngozi hauiwezi.

Jibu linaandikwa kwa Kiingereza. Mwombe daktari aandike chini yake kwa Kiswahili: ni saratani, au si saratani. Usijisomee mwisho wa jina ukazimia. Lipoma na fibroadenoma si saratani; limfoma, melanoma na karsinoma ni saratani; majina yote yanaishia na "oma". Na daraja usilichanganye na hatua. Daraja, 1 hadi 3, linasema chembe zimebadilika kiasi gani chini ya hadubini. Hatua, 1 hadi 4, inasema ugonjwa umefika wapi mwilini. Nimemshika mkono mama aliyelia akidhani daraja la 3 ni hatua ya 3, kumbe uvimbe wake ulikuwa bado mdogo na tezi ziko salama.

Likiwa si saratani, uliza kama utolewe au uachwe. Fibroadenoma ndogo yaweza kuachwa na kupimwa tena baada ya miezi michache, ikikua, itolewe. Likiwa saratani, uliza kingo: je, pembeni mwa kilichotolewa kumebaki chembe za saratani? Kisha uliza vipokezi, vile vitu kwenye chembe vinavyopokea amri ya kukua, ndicho kile kipimo nilichosema: ER na PR, ambavyo ni vya homoni, na HER2. Saratani yenye vipokezi vya homoni inatibika kwa vidonge vya tamoksifeni, ambavyo kwa kawaida humezwa miaka 5 au zaidi. Isiyo navyo, vidonge hivyo haviisaidii. Bila kipimo hiki mgonjwa anatibiwa kwa kubahatisha.

Kuhusu kukatwa titi lote: zamani ilikuwa hivyo, tena na misuli ya kifua, kwa njia ya daktari Halsted wa Marekani. Mwaka 1985 utafiti wa daktari Bernard Fisher na wenzake ulionyesha kwamba waliotolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi waliishi sawa na walioondolewa titi zima. Habari njema, lakini sisi wa Tanga tuipige hesabu: mionzi ni kwenda karibu kila siku kwa majuma kadhaa, na Ocean Road, hospitali ya saratani, iko Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 300. Kama huna pa kufikia, kuchagua kuondoa titi ni uamuzi wa busara, mradi uwe umeelezwa. Ila uliza kwanza, kwani wapo wanaoondolewa titi na bado wakahitaji mionzi.

Mtoto akivimba taya, na jino likalegea bila sababu, msingoje hata wiki. Limfoma ile, saratani ya tezi, daktari Denis Burkitt aliyoieleza akiwa Uganda mwaka 1958 hukua kwa siku, lakini inaitikia dawa vizuri sana ikiwahiwa.

Mwisho ni karatasi. Kile kipande cha nta hakitupwi, maabara hukiweka. Ukienda hospitali nyingine, au daktari akitilia shaka jibu la mwanzo, kinaweza kukatwa tena na kusomwa upya, ilimradi una namba yake. Daktari aliyempokea dada yangu Dar es Salaam aliniomba namba ya uvimbe wa kwanza. Nilifungua mkoba, nikampa tarehe ya upasuaji, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo.